Saini ya Kumi na Tano

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo ni miaka miwili na miezi minne tangu nitoke nyumbani. Vidole vya miguu havijapata joto tangu siku ile.

Asubuhi hatukuingia ghalani. Sisi wapakiaji kumi na wanne wa ghala la baridi tulikalishwa kwenye viti, tukafundishwa mawasiliano kazini. Mkufunzi alivaa tai na alitetemeka kama kifaranga. Kuna anayetuma, akasema, kuna ujumbe, kuna njia, kuna anayepokea, halafu kuna mrejesho. Bila mrejesho ni sawa na kuita kisimani. Redio, mwenzangu ambaye mdomo wake hauna swichi, akadakia kwamba kisimani angalau mtu anaitikiwa. Tukacheka. Mkufunzi hakucheka.

Sheria mpya: likibandikwa tangazo, kila mtu atie saini chini yake kuonyesha amesoma.

Nikaomba ruhusa palepale. Kifungua mimba wangu anaolewa Jumamosi ya tarehe 15. Mama Watoto kaniambia kwenye simu, tena kwa sauti ya upole, na upole wake ndio unaotisha: nisipofika safari hii, nisijisumbue kufika tena. Msimamizi akasema ruhusa ipo, mradi nipate mtu wa kushika nafasi yangu chumba namba nne.

Nimewauliza wote. Chumba namba nne ndicho chenye baridi kuliko vyote. Redio kasema: "Shemeji, hata kivuli chako hakikubali!"

Mimi si shemeji yake. Aliona picha ya dada yangu mara moja, basi.

Jumanne, tarehe 4

Tangazo la kwanza: glavu zisitolewe nje ya ghala. Tukatia saini. Karani akanituma kuliteremsha ubaoni nimpelekee dirishani. Nikahesabu saini njiani, maana mtu akikosa kusaini napenda kujua ni nani.

Hakuna aliyekosa. Zilikuwa kumi na tano.

Nikahesabu tena. Ya mwisho ilikuwa ndogo, safi, na karatasi mahali pale ilikuwa na unyevu. Nikamuuliza Redio kama kasaini mara mbili. Akaapa kwa macho yake yote mawili. Nikampelekea msimamizi. Alifurahi! Akasema ujumbe umefika kwa asilimia mia moja na saba, na ofisi ya juu lazima ielezwe.

Jumatano, tarehe 5

Nimepata akili! Ofisi ya juu haitujui kwa sura. Inatujua kwa saini. Nikaandika ombi: "Nafasi yangu itashikwa na mwenzetu wa saini ya kumi na tano." Nikalitumbukiza kwenye sanduku la maoni. Karani akalitoa, akaligonga muhuri bila kulisoma, akalipandisha juu.

Kusoma kwangu kuliishia darasa la sita. Lakini nani kasema akili hukaa darasani?

Alhamisi, tarehe 6

Jibu limetoka kwenye kipaza sauti. Ombi la namba 38 (ndiyo namba ya mgongoni mwangu) limepokelewa. Mbadala aanze kufundishwa leo.

Sikulitarajia hilo. Lakini mwongo akisharuka, hageuki hewani. Nikaingia chumba namba nne, nikasimama mbele ya ukuta, nikaufundisha kazi. Makasha mazito chini. Maandishi yatazame nje. Usinyanyue kwa mgongo, ndugu, nyanyua kwa miguu. Nikajihisi punguani.

Nikageuka kuchukua kamba. Nilipogeuka tena, safu nzima ilikuwa imepangwa. Makasha mazito chini. Maandishi yametazama nje.

Nikatoka kumtukana Redio. Nikamkuta dirishani anakunywa chai na karani, na kikombe kilikuwa cha pili.

Ijumaa, tarehe 7

Ghalani humu huwezi kumjua mtu kwa uso. Koti zito, kofia ya koti hadi kwenye nyusi, kitambaa puani. Unaona macho na namba ya mgongoni. Na mvuke, kila anapopumua.

Mwisho wa mstari wa kutoka kazini alisimama mtu asiyetoa mvuke.

Namba yake 38. Yangu! Nilikasirika kabla sijaogopa. Nikamwendea nikamuuliza nani kampa koti lenye namba ya mtu. Akainua mkono kunisalimu, kiwiko kimekunjwa, kama ninavyosalimu mimi. Baridi iliyotoka kwake haikuwa ya ghala. Nikarudi nyuma.

Msimamizi akapita, akampiga bega. Akamsifu: thelathini na nane, leo umechapa kazi kweli! Miaka miwili na miezi minne hajawahi kunisifu hata kwa kukohoa. Nimeumia sana. Mgeni wa siku mbili!

Jumatatu, tarehe 10

Tangazo jipya. Nilipofika ubaoni, saini yangu ilikuwepo, na mkia wake ule ninaouvuta chini. Saini kumi na nne tu. Hapakuwa na nafasi ya kutia nyingine.

Redio alinipita bila neno. Redio! Nikamwita. Akatazama huku na huku kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa na upepo. Kisha nikamsikia mbele kule: "Shemeji, harusi lini? Utatuletea nini?" Akajibiwa kitu, akacheka hadi akashika ukuta.

Nikaandika malalamiko, nikayaweka sandukuni. Mchana jibu likabandikwa: "Namba 38 amesikilizwa. Ameridhika." Chini yake saini yangu.

Jumanne, tarehe 11

Barua za ruhusa zimetoka. Nikawahi dirishani. Karani hakuinua macho. Akaniambia barua ya 38 imeshachukuliwa asubuhi, na mwenyewe, mzee mpole sana, kamuuliza saa ya basi na kamshukuru mara mbili.

Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Akainua macho. Akafunga kidirisha taratibu, kama mtu anayefunika chungu.

Nikakimbilia kituoni kwa miguu. Basi lilikuwa linatoka. Kiti cha dirishani, mtu wa koti zito. Joto lote lile la mchana, na kioo chake kimeganda barafu. Akaniinulia mkono.

Jumatano, tarehe 12

Leo msimamizi kaniuliza kama ndiye mimi mbadala wa 38. Nikasema ndiyo. Ningesemaje? Kanipa koti lisilo na namba, kanipeleka chumba namba nne, kaniagiza makasha mazito yakae chini. Nimesaini tangazo mwisho kabisa, kwa herufi ndogo.

Nimepumulia kiganja changu mara tatu. Sijaona mvuke. Huenda leo baridi imepungua.

Ijumaa, tarehe 14

Nimepiga simu nyumbani saa nne asubuhi. Shangwe tupu, watu wanapanga viti. Nikasema: ni mimi, Baba Watoto. Mama Watoto akasema, kwa ule upole wake, kwamba hajui mimi ni nani, lakini mume wake alifika jana, yupo hapo, na mwanawe kamlilia kifuani. Kaja na baridi ya safari, akasema, lakini kaja. Nyuma yake mtu akakohoa. Kikohozi kilikuwa changu.

Nimekaa juu ya kasha, nimefikiri. Binti ana baba wa kumtoa kesho. Mama Watoto hana hasira. Kosa liko wapi? Ni mpangilio wa zamu tu!

38 anarudi kazini Jumatatu tarehe 24. Nimeshaandika ombi: naomba ruhusa, nafasi yangu itashikwa na yeye. Nimelitumbukiza sandukuni, na karani kaligonga muhuri bila kulisoma.

Kwa hiyo, Mama Watoto, Jumatano ya tarehe 26, kabla ya adhuhuri, nitabisha hodi. Mnifungulie.