Awamu ya Pili ya Kituo cha Vipaji vya Alasiri

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye kwa leo ni mimi mwenyewe; Ndugu Makamu wangu, aliyetuma udhuru; Ndugu Kaimu Makamu, anayeuwakilisha udhuru huo; Mwalimu Mkuu na walimu wote, mliopo na mlio likizo; wageni wetu watatu kutoka makao makuu, mlioketi kwenye viti vyenye mito; kina mama, kina baba, kina babu na kina bibi; nanyi wanangu wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano, ambao ndio walengwa, wanufaika na wadau wakuu: itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi. Anayeyaanza ni dereva wa Mheshimiwa.)

Leo tunazindua Awamu ya Pili ya Programu Jumuishi ya Kuibua, Kulea na Kuendeleza Vipaji vya Alasiri kwa Vijana wa Vijijini, yaani kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja na nusu, muda ambao tafiti zangu binafsi zimebaini kwamba mtoto akishatoka darasani, anakuwa nje ya darasa. (Makofi machache.) Awamu ya Kwanza ilifanikiwa kwa asilimia tisini na saba nukta nne, na ile mbili nukta sita iliyobaki tuliiacha kwa makusudi ili Awamu ya Pili nayo ipate kazi. Vijana mia moja na arobaini wamefikiwa, ilhali shule hii ina vijana tisini na mmoja, jambo linaloonyesha ni kwa kiasi gani tumevuka malengo. (Wageni wanaandika.)

Ndugu zangu, tumetoka mbali. Mwaka jana, katika ziara yangu ya kushtukiza, ambayo niliitolea taarifa wiki mbili kabla, nilikuta stoo ya vitabu ya shule hii ina watoto ishirini na watatu, na katikati yao ameketi fundi redio mstaafu, huyu mnayemwita Babu Waya, miwani yake imefungwa kwa uzi, anawafundisha kuunga nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa. Binti wa mpishi wa shule alikuwa anaunda redio ndani ya kopo la rangi, na redio hiyo, nakiri, ilikuwa inakoroma na katikati ya kukoroma inasoma habari. Nikamuuliza mzee, "Una kibali?" Akanijibu, "Nina watoto." Nikamwelewesha kwa upole kwamba watoto si kibali. Siku hiyohiyo nikaifunga stoo na kuondoka na ufunguo, ili shughuli ile ya kienyeji ipishe programu ya kitaalamu. Mnaweza kupiga makofi hapo. (Dereva anapiga.)

(Mpishi wa shule ananyoosha mkono. Mheshimiwa anautazama mkono huo kwa muda.) Naam, mama, kwa kifupi.

(Mpishi: "Shikamoo, Mheshimiwa. Mwanangu siku hizi akitoka shule anakaa barazani mpaka giza liingie, hasemi na mtu. Redio yake imo humo ndani, haijakwisha. Babu Waya naye anapita kila alasiri, anaugusa mlango, anarudi kwake. Sisi hatukuomba programu. Tunaomba ufunguo." Minong'ono.)

Marahaba, mama, na mchango wako mzuri umeingizwa kwenye kumbukumbu, chini ya Mengineyo. Lakini ufunguo ni rasilimali ya kimkakati. Hauwezi kutolewa kabla ya upembuzi yakinifu, warsha ya wadau, na semina elekezi ya namna ya kuzungusha kitasa. Nawaombeni subira kwa robo nne zijazo. (Seremala, shemeji yake mpishi, anainuka, anachukua begi lake la vifaa na kutoka. Watoto wa safu ya nyuma wanamfuata.)

Naona vijana wameshaanza kuhamasika. (Mwalimu Mkuu anawaalika wageni chai ofisini kwake. Wanatoka.)

Basi, kwa kuwa wageni wametoka, tuongee kifamilia. (Nje inasikika nyundo.) Nitamalizia na kaulimbiu, nanyi mtaitikia kwa sauti ili wasikie wakiwa kwenye chai. Nikisema Vipaji, semeni Juu. Vipaji. ("Juu," anasema dereva.) Alasiri. ("Juu." Bisibisi inaangukia saruji. Watoto wa safu ya mbele nao wanatoka.) Programu. (Dereva anachungulia dirishani, anasahau kuitikia.)

Kwa namna ya pekee namshukuru Mwalimu Mkuu kwa kuyatia sahihi mahudhurio ya Awamu ya Kwanza bila kuuliza ilifanyika wapi. Nawashukuru wazazi kwa kutowaambia wageni kwamba hakuna mwalimu aliyeajiriwa, hakuna kipindi kilichofundishwa, na kwamba kituo ninachokisifu kwenye ripoti ni stoo niliyoifunga mwenyewe. Zaidi ya yote namshukuru Babu Waya, ambaye picha zote ishirini za mafanikio yetu nilizipiga siku ile kabla ya kumtoa. Programu haikuwahi kuwepo, ndugu zangu. Kilichowahi kuwepo ni yeye. Kwa hiyo mlango ule usifunguliwe kwa sasa, maana wageni watapita hapo wakielekea kwenye gari.

(Seremala na mpishi wanapita dirishani wameubeba mlango, mmoja mbele, mwingine nyuma. Waliosalia ukumbini wanainuka kumpisha Babu Waya na miwani yake atoke kwenda stoo.)

Asanteni kwa kunisikiliza. (Wageni, vikombe mkononi, wamesimama kwenye korido. Kutoka stoo redio inakoroma, kisha inatangaza saa kumi kamili.)