Ngazi ya Trela na Bolti Zake Nane

Jumatatu, 7 Oktoba

Likizo, siku ya kwanza. Imeharibika kabla ya chai.

Mama mkwe anakuja Ijumaa. Wiki mbili! Chumba cha wageni kimejaa vyerehani vya mke wangu na marobota ya vitambaa vya sare za shule. Mama atalala wapi? Nilijibu mwenyewe, kwa kinywa changu, tena kwa kujigamba: kwenye trela langu. Kitanda kipo, jiko la plaiti mbili lipo, dirisha lina pazia. Ni chumba kizima juu ya magurudumu, kimeegeshwa nyuma ya nyumba kikisubiri safari. Safari haijapatikana, lakini chumba kipo.

Leo mke wangu ameingia kutandika. Akatoka na mto umelowa chepechepe. Kuna ufa paani, karibu na kitundu cha hewa, na mvua ya jana imepita hapo tone kwa tone. Akasema, bila kupaza sauti (na asipopaza sauti ndipo ninapomwogopa), kwamba tone moja likimwangukia mama yake, trela linakwenda kwa kaka yake.

Kaka yake! Shemeji huyu anafuga kuku hapo mtaa wa nyuma, na trela langu amelimezea mate tangu siku ya kwanza. Aliwahi kuingia na tepu ya kupimia nikiwa kazini. Akamwambia dada yake wataenea kuku sitini. Sitini, pale kwenye godoro langu!

Kuna jambo jingine, sijamwambia mtu. Kwa miaka kumi na tisa mama mkwe hajaniita mwanangu hata mara moja. Akipiga simu humwuliza binti yake, huyo wa kwako hajambo? Huyo! Nataka alale kwenye trela langu, aamke mkavu, aniite mwanangu. Basi. Sitaki kingine.

Kwa hiyo lazima nipande paani. Shemeji amepita mchana, amesikia, akajitolea kuniazima ngazi yake ya alumini. Nimemshukuru, nikakataa. Niliwahi kuazima toroli lake mara moja. Habari za toroli hilo nimezisikia miaka miwili, harusini na msibani. Pia hawezi kuacha kunikumbusha kwamba kazi yangu ni kusoma mita za maji. Anasema maji yamenifuata nyumbani. Akacheka peke yake.

Jioni nimetumia akili. Meza ya chakula, juu yake stuli. Nimeliona paa kama sekunde tatu. Kisha nikaona nyasi, kwa karibu sana. Goti linauma. Mguu wa meza umelegea. Meza ni zawadi ya mama mkwe.

Jumanne, 8 Oktoba

Duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ni mama mmoja ambaye miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni, ana maswali kuliko askari wa barabarani. Paa lina urefu gani kutoka ardhini? Ngazi itasimama kwenye saruji au kwenye udongo? Mpandaji ana kilo ngapi? Nani ataishika chini? Nikamwambia nimekuja kununua ngazi, sikuja kuomba kazi.

Hakukasirika. Akanionyesha ngazi ya kawaida ya kuegemeza, ya alumini, miguu ina raba. Akasema nichague ndefu, ipite ukingo wa paa kama mita moja, ili wakati wa kushuka niwe na pa kushika. Chini niisogeze mbali na ukuta, kama robo ya urefu inaopanda. Na paa la trela ni bati jembamba, kwa hiyo nitandike ubao, nisikanyage ovyo katikati. Maneno ya maana, sikatai. Nilikuwa karibu kulipa. Ndipo nikaitazama vizuri ile ngazi.

Ni ileile ya shemeji! Mpaka kibandiko chekundu ubavuni! Nikiingia nayo nyumbani atasema nimemwiga, na atasema harusini na msibani. Sitampa nafasi hiyo.

Nimechukua ya kuvuta. Hii inajikunja ikawa ndogo kama begi, ukiivuta inarefuka kipandio kwa kipandio. Ngazi ya mtu wa kisasa. Mwenye duka akarudia swali la kilo. Nikamtajia kilo zangu. Zilikuwa zangu kweli, mwaka niliooa.

Urefu wa trela nilishapima asubuhi. Ngazi inatosha na kubaki. Mimi si mjinga.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeamka mapema, roho kwatu. Nikaona trela limekaa chini. Matairi yote mawili hayana upepo, tangu lini sijui. Nikayajaza kwa pampu ya mguu, jasho mpaka kwenye soksi. Trela likainuka taratibu. Likazidi kuinuka. Likaipita ngazi yangu! Jana nilipima trela lililokaa kitako!

Nikapiga moyo konde. Nikapanda hivyohivyo, mpaka kipandio cha mwisho, kidevu usawa wa paa. Klik. Kipandio kikaingia ndani ya kile cha chini yake. Klik. Kingine. Ngazi ikaanza kujimeza, na mimi juu yake, nikishuka wima bila haraka, nikiwa nimeishika kwa mikono miwili, mpaka nikafika ardhini nimesimama. Mke wangu alikuwa dirishani, pini zake za kushonea mdomoni. Hakucheka. Alizitoa pini kwanza, akaziweka mezani moja moja, ndipo akacheka.

Nimeirudisha dukani. Mwenye duka akaniomba nisimame kwenye mizani ya misumari. Kilo tisini na sita. Akazisoma kwa sauti, duka zima likasikia, na mzee aliyekuja kununua bawaba akanipa pole. Akakubali kuipokea ngazi, kiroho safi, halafu akanielekeza tena kwenye ile ya alumini. Nikasema nitafikiria. Akasema anaona kufikiria ndiko kunakonichosha.

Zimebaki siku mbili. Mawingu yanakusanyika.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepata! Nashangaa kwa nini sikufikiria mapema.

Kwenye karakana ya fundi wa kuchomelea kuna basi bovu, na nyuma ya basi kuna ngazi ya bomba ya kupandia kwenye keria. Ngazi hiyo imebeba watu na magunia miaka yote. Inafungwa kwa bolti, haitoki. Haiazimwi, haishikwi na mtu chini, haina raba, haijikunji kuwa begi, haifanani na ya shemeji hata kwa mbali! Fundi akaikata, akaisafisha, akaniazima na drili. Akanipa masharti mawili. Kwanza nitafute mbao za fremu ndani ya ukuta wa trela, nifunge hapo. Pili, kila tundu nilijaze silikoni kabla bolti haijaingia. Nikaitikia yote.

Matundu manane. Manne kwenye ukingo wa paa, manne chini yake ukutani. Kuhusu fremu, niligonga ukuta kwa kidole, ukaitika. Inatosha. Bolti zikaingia, nati zikakazwa mpaka zikalia. Kipandio cha chini kiko juu kidogo, usawa wa kiuno changu, maana basi halikutaka ngazi iburuzwe barabarani. Dawa yake ni kreti ya soda. Nikaweka kreti, nikapanda.

Paani! Mimi! Nimeuona uwanja wa shemeji wote, na ngazi yake imeanikwa ukutani, imepauka. Bati lilibonyea kidogo chini ya miguu, ubao nilisahau. Nikausiliba ule ufa kwa tyubu nzima ya silikoni, nene kama sukari ya keki. Tyubu ikaisha. Bolti hazikupata kitu. Lakini bolti zimebana vile, maji yatapita wapi?

Nikamwaga ndoo mbili za maji juu ya ufa. Ndani, pakavu kabisa. Mke wangu akashika mto, akaugeuza, akaushika tena. Akasema haya. Kwa mke wangu, haya ni hotuba ya pongezi.

Shemeji amekuja kuchungulia. Amezitazama bolti moja baada ya nyingine, midomo inacheza, kisha akauliza silikoni iko wapi. Wivu mtupu! Nikamwambia hivyo, kwa adabu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Amefika. Masanduku mawili, mwavuli mmoja, uso uleule. Mlango wa trela uko juu kwa miguu yake, nikakimbia kuleta kreti ya soda iwe ngazi ya mlangoni. Akapanda. Akabonyeza godoro. Akavuta pazia, akaliachia, akalivuta. Akawasha jiko, akalizima. Akamwuliza binti yake, mimi nikiwa nimesimama palepale, kama huyo wa kwako ndiye aliyetengeneza yote haya. Mke wangu akasema ndiye. Mama mkwe akaguna. Nimekuwa nikiuchambua mguno huo tangu saa kumi. Naamini ulikuwa mzuri.

Mbingu nyeupe. Hakuna mvua.

Jumamosi, 12 Oktoba

Asubuhi. Naandika upesi ili ibaki kwenye karatasi. Saa tatu mama mkwe ametoka kwenye trela, amejinyoosha, akanisalimu. Akasema amelala kama mtoto, ahsante mwanangu. Mwanangu! Mbele ya shahidi! Mke wangu alikuwa anaanika nguo, alisikia. Nimemwomba athibitishe mara mbili.

Jioni. Sina hamu ya kuandika, lakini naandika.

Mvua ilianza saa tisa, mama mkwe akiwa amejilaza. Niliketi barazani nimetulia, miguu juu. Kisha nikasikia ukelele. Nikakimbia. Ufa nilioziba: mkavu, hauna hata unyevu, na hilo naomba likumbukwe. Lakini bolti! Nane! Kila moja na tone lake, zote upande wa kichwani, na mama mkwe ameketi kitandani katikati ya matone, mwavuli ameufungua ndani ya nyumba yangu.

Nikatwaa turubai, nikatwaa kreti mlangoni, nikazunguka nyuma, nikapanda roho mkononi. Nikalitandaza turubai juu ya bolti, nikaligandamiza kwa magoti. Nikageuka kushuka. Mguu ukatafuta kreti. Ukakuta hewa. Ukatafuta tena. Mke wangu alikuwa ameichukua ili mama yake atoke! Vipandio vya bomba vinateleza kama sabuni, chini ni matope, na mimi nina kilo tisini na sita, hilo sasa linajulikana mtaa mzima. Nikarudi juu. Nikakaa juu ya turubai, mvua inanipiga. Hakuna aliyeniulizia kwa karibu nusu saa.

Hatimaye nikamsikia mama mkwe chini, kwenye mwavuli wake, akiuliza huyo wa kwako yuko wapi. Mke wangu akasema yuko juu ya paa. Kisha mama mkwe akasema basi aitwe mtu amshushe.

Akaja shemeji na ngazi yake. Akaweka kipande cha ubao kwenye matope, akasimamisha miguu ya raba juu yake, akaisogeza mbali na trela, akahakikisha imepita ukingo kama mita moja. Dada yake akaishika chini. Nikashuka. Haikutikisika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma kuliko vyote. Hakusema neno. Angesema afadhali.

Nimeona aibu, sitaficha. Kulowa si kitu. Nilikuwa mwanangu saa tatu asubuhi, na kabla ya magharibi nimesharudi kuwa huyo.

Jumapili, 13 Oktoba

Trela limeondoka. Shemeji amekuja na pikapu, amelifunga, amelivuta. Mama mkwe atamalizia wiki zake kwa mwanawe, ambako anasema dari ni ya saruji. Kabla ya kuondoka shemeji amefungua ngazi ya basi, maana kuku hawaihitaji, na akayaziba matundu manane kwa silikoni. Dakika kumi na tano. Alisema kuku hawapendi unyevunyevu.

Mama mkwe aliingia kwenye pikapu, akateremsha kioo, akaniita karibu. Akaninyooshea mkono. Akasema kaa salama mwanangu, na ukae chini.

Mwanangu! Amesema tena! Mke wangu ananikumbusha kwamba kulikuwa na maneno mengine baada yake, lakini mimi nililisikia hilo moja, na lilinitosha. Nimerudi uani natembea kama mtu mpya.

Na pale ukutani imeegemea ngazi yangu. Nzima. Ya bomba. Shemeji aliiacha, hakuona thamani yake. Nikaitazama, kisha nikaitazama nyumba. Mfereji wa maji ya paani umejaa majani tangu mwaka jana, nani amewahi kupanda kuuona? Mama mkwe akirudi akute mfereji unang'aa, atasemaje?

Nimejifunza wiki hii, sikatai. Kosa lilikuwa matairi. Nyumba haina matairi.

Ukuta wa chumba chetu cha kulala ndio wenye urefu unaofaa, kando ya dirisha. Fundi bado hajaulizia drili yake, na kwenye boksi lake nimekuta bolti ndefu za kupenya tofali. Silikoni imekwisha, lakini nadhani mvua nazo zimekwisha. Matundu mawili tayari, yamenyooka, yametokea mpaka ndani. Mke wangu anaita kutoka chumbani. Anauliza unga huu mweupe kwenye mto wake unatoka wapi. Nitamjibu nikimaliza sita yaliyobaki.