Kamba ya Bendera ya Mashujaa

"Wananchi wote mnatangaziwa kwa fahari kubwa kwamba kuanzia leo mashujaa wetu wataheshimiwa kila siku, asubuhi na jioni, watake wasitake."

Hayo ni maneno ya Mheshimiwa Tharsisi Manirambona, Mwenyekiti wa Kamati ya Heshima ya Kila Siku kwa Mashujaa Waliofia Kazini. Niliyaandika mimi, Katibu wake, isipokuwa hayo ya "watake wasitake", ambayo aliyaongeza mwenyewe akiwa jukwaani. Mji wetu ni mdogo, uko kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, na kabla ya Kamati haukuwa na jambo lolote la kuwafanya watu wasimame.

Sasa wanasimama. Mgambo akipuliza filimbi, bendera ikianza kupanda au kushuka, kila kiumbe kinaganda. Mwenye baiskeli ya muhogo anashuka na kuishika isianguke. Kinyozi anaacha wembe kichwani kwa mteja. Mama wa vitumbua aliuliza afanye nini na vilivyomo kwenye mafuta, na Kamati ikaamua kwamba vitumbua vitakavyoungua vihesabiwe kuwa mchango wa wananchi.

Mlingoti wetu si wa mchezo. Mheshimiwa aliagiza uwe mrefu kiasi cha bendera kuonekana mpaka Munanila, na ikiwezekana majirani wa Burundi waione na roho ziwaume. Mlingoti mrefu unataka kamba ndefu. Tulinunua kamba ya manila, nene, nyeupe, ambayo ungeweza kumning'iniza ng'ombe nayo na ng'ombe asiwe na wasiwasi.

Shujaa wetu mkuu ni Niyonzima, kijana wa kikosi cha uokoaji cha kujitolea. Alishuka kwenye kisima cha zamani huko Murungu kumtoa mtoto, akiwa amefungwa vitenge vilivyounganishwa, maana kikosi hakikuwa na kamba. Mtoto alitoka. Kisha vitenge vikakatika.

Mama yake, Epifania Ntirampeba, tulimteua kuwa Mgeni wa Heshima wa Kudumu. Tulimpa kiti chenye mikono na utepe wa kuvaa begani. Kila siku, baada ya majina ya mashujaa kusomwa, Mheshimiwa humwuliza mbele ya watu kama ana neno. Kila siku Mama Epifania husimama na kusema neno lile lile.

"Naomba kamba ya Tamimu."

Tamimu ni rafiki wa Niyonzima, na ndiye anayeshuka mashimoni siku hizi. Anashuka na vitenge.

"Ombi limepokelewa," husema Mheshimiwa, nasi hupiga makofi.

Asidhani mtu kwamba Kamati ililala. Tuliunda kamati ndogo ya kuchunguza suala la kamba. Ilikwenda Kasulu, ikakaa huko, ikala nyama, ikarudi na taarifa kwamba kamba ni kifaa muhimu, hasa kutokana na urefu wake. Tukampa Mama Epifania cheti. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama mbele na nyuma.

"Ahsante, baba," akasema. "Hiki kinafungwa wapi, kiunoni?"

Mheshimiwa aliniambia baadaye kwamba uchungu huwafanya watu wasielewe nyaraka.

Ikawa tunatarajia wageni kutoka mkoani. Mheshimiwa akaagiza kichimbwe choo cha wageni wa heshima, chenye kina kinacholingana na hadhi yao. Kilichimbwa mpaka wachimbaji wakaanza kusikika kwa mbali. Mbao za sakafu zilikuwapo, nzuri kabisa, lakini Mheshimiwa aliona jukwaa ni fupi, akaagiza mbao zihamishiwe kwenye jukwaa. Chooni pakawekwa vijiti na udongo, kwa muda.

Siku moja mchana, bendera ikiwa juu inapepea vizuri, Mheshimiwa alikwenda kukagua choo hicho. Alikagua peke yake, akiwa amefunga mlango. Tukasikia mlio, kisha kimya, kisha sauti.

"Katibu! Katibuuu!"

Nikakimbia mpaka mlangoni. "Naam, Mheshimiwa. Uko wapi?"

"Unajua niko wapi! Leta kamba!"

"Ombi limepokelewa, Mheshimiwa," nikasema, maana ndivyo nilivyozoea.

Maneno aliyoyajibu hayakuingia kwenye kumbukumbu. Choo kilikuwa kimetumika siku chache tu, tunamshukuru Mungu, ila kilikuwa kimetumika. Watu wakajaa. Tamimu akaja anahema, na vitenge vyake mkononi, akachungulia shimoni, kisha akautazama mlingoti. Sote tukautazama mlingoti.

Hapo ndipo ugumu wa kikanuni ulipojitokeza. Bendera haishushwi kabla ya jioni, ila kwa amri ya Mwenyekiti, naye sharti awe amesimama wima akiitazama bendera. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe, nami nikaipiga muhuri.

Nikainama mlangoni. "Samahani, Mheshimiwa. Hapo ulipo, bendera unaiona?"

"Naona inzi!"

"Basi tunaweza kuitisha kikao cha dharura. Tatizo ni kwamba hakina Mwenyekiti."

"Nazama, mjinga wewe!"

Tamimu akaanza kujifunga vitenge kiunoni. Kukatokea kelele nyuma yangu.

"Yemwe! Jamani, hapana! Wewe hushuki na hivyo."

Alikuwa Mama Epifania. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlingoti, akaishusha bendera taratibu, hakuiacha iguse chini, akaikunja na kuiweka juu ya kiti chake cha heshima. Mgambo alipeleka filimbi mdomoni, akafikiri, akaishusha. Mama akaichomoa kamba yote, akamfunga Tamimu mwenyewe, kifuani na mapajani, akavuta kila fundo kulijaribu.

"Sasa shuka, mwanangu."

Watu waliishika kamba, lakini ncha yake Mama aliizungusha mkononi mwake, na Mheshimiwa alipotolewa akalazwa nyasini hakumwangalia hata kidogo. Aliendelea kushikilia mpaka kichwa cha Tamimu kilipotokea. Ndipo akakaa chini, akalia. Mimi Katibu nilijisikia vibaya sana, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

Mheshimiwa alioga kwa muda mrefu. Kisha akatoa maagizo mawili: kamba ioshwe na irudishwe kwenye mlingoti, na tukio lile lisitajwe na mtu yeyote, mahali popote, isipokuwa kwa mujibu wa ratiba.

Jioni filimbi ikalia. Mji ukaganda. Mheshimiwa alikuwa mbele, mkono kwenye paji la uso. Nikasoma ratiba kama nilivyoiandika mwenyewe Mheshimiwa alipokuwa akioga: Mgeni wa Heshima wa Kudumu atasimulia tukio la uokoaji. Wakati wa simulizi hakuna kusogea, kusema wala kucheka, mpaka msimuliaji atamke kwamba amemaliza.

Mama Epifania akasimama.

"Leo Tamimu ameokoa mtu," akaanza. Akasimulia yote. Akaeleza mbao zilikokwenda. Akaeleza kilio kilivyosikika, uchafu ulivyomfika Mheshimiwa kiunoni, na alipotolewa alikuwa ameshikilia nini. Kinyozi machozi yalimtiririka, lakini hakusogea. Mabega ya mgambo yalitetemeka. Mheshimiwa alibaki na saluti yake, shingo imevimba.

"Sasa Tamimu bado hana kamba," akasema Mama alipofika mwisho. "Nilimwomba Mheshimiwa. Naona leo hajibu."

Hakuweza kujibu. Kanuni haikumruhusu.

"Pengine hakusikia vizuri," Mama akasema. "Basi nianze tena mwanzo. Leo Tamimu ameokoa mtu."

Alipofika kwenye mbao kwa mara ya pili, lori la wageni kutoka mkoani likaingia uwanjani, wageni wakashuka, nao wakasimama kwa heshima kusikiliza.

"Abdalah!" Mheshimiwa akampigia kelele mwenye duka la vifaa, mikono yote hewani. "Abdalah, fungua duka! Mpe Tamimu kamba! Mpe ndefu!"

Nikalazimika kumwandikia makosa mawili, kusema na kusogea, ambayo adhabu yake ni kufagia uwanja. Abdalah akafungua duka. Watu wote wakangoja wameganda, wageni nao wakiwemo, wakati Mama Epifania anaikagua ile kamba mpya, anaivuta hapa na pale, kisha anamvisha Tamimu begani.

Akamgeukia Mheshimiwa, akamtazama vizuri.

"Nimemaliza," akasema, na uwanja mzima ukaruhusiwa kucheka.