Rodah wa Sosiot na Wakaguzi Walioshiba

Tueni vikapu vyenu, enyi wachumaji wa majani mawili na kichipukizi. Funga zizi, ewe mkamaji, ng'ombe hatakimbia. Nanyi mlioketi kwenye kituo cha kununulia majani mkingoja lori ambalo, kama ilivyo desturi yake, halijafika, jongeeni karibu, maana masikio yenu kwa sasa hayana kazi nyingine. Vitasimuliwa hapa vita vikuu ambavyo damu iliyomwagika ndani yake ilikuwa ya mbuzi na kuku tu. Na litatajwa jina la mwanamke ambaye siku moja, mchana kweupe, mbele ya jirani zake wote, alithubutu kufanya jambo ambalo mama yake na bibi yake na bibi wa bibi yake hawakuwahi hata kuliota.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya zile mvua za El Nino. Nchi yote ya chai, kuanzia Londiani yenye viazi hadi mabonde ya Bomet, ilitikiswa na tangazo. Shirikisho la Ushangiliaji, lililokuwa na makao yake Nairobi katika chumba kimoja na nusu, lilitangaza kwamba Mashindano ya Kimataifa ya Washangiliaji yangefanyika katika nyanda za juu, mahali patakapochaguliwa baada ya ukaguzi mkali. Mataifa yalikuwa matatu: Kenya yenyewe, Uganda iliyokubali, na Zambia iliyokuwa bado haijajibu. Na kwa asiyejua, ushangiliaji ni mchezo wa vijana kupiga kelele kwa mpangilio, kurusha miguu, na kupandana mabegani mpaka wawe mnara, huku timu wanayoishangilia ikiwa haipo.

Miji na masoko yakajifunga mikanda. Londiani ikajitokeza na uwanja wake tambarare. Kiptere ikajitokeza na uwanja wenye ua mpya. Na Sosiot, ambayo uwanja wake wa shule uliinama kiasi kwamba mpira ukipigwa vibaya hutafutwa katika majani ya chai ya watu, ikajitokeza na Rodah.

Huyu Rodah, mke wa Johana, Rodah Asemaye Mara Moja, Rodah wa mikono ya sweta iliyokunjwa hadi kwenye viwiko, alikuwa katibu wa kamati ya uwanja, naye hakuitafutia Sosiot sifa. Alikuwa akimtafutia binti yake nafasi. Chepchirchir, kitinda mimba wake, ndiye aliyesimama kileleni mwa mnara wa wasichana wa Sosiot. Mtoto huyo alikuwa mfupi. Tangu darasa la kwanza alikuwa akisogezwa mbele kwenye picha, akirukwa kwenye foleni, akisahaulika nyuma ya migongo ya wenzake. Kule juu tu, juu ya mabega ya wasichana sita, ndiko watu walikoinua nyuso zao kumtazama.

Lakini Johana, mzee wa kanisa, mtu wa viapo, alikuwa amesimama katikati ya sebule na fimbo yake na kutoa hukumu.

"Binti wa boma hili," alinena, "halali nje kwa ajili ya kurukaruka. Si Londiani, si Kiptere, si kwa mkuu wa wilaya. Mashindano ni ya siku mbili, atalala wapi? Akitaka kuruka, aruke mahali ambapo jioni anarudi kukamua."

"Na mashindano yakija hapa Sosiot?" Rodah akauliza.

Johana akacheka mpaka fimbo ikayumba. "Mama Chepchirchir, hapa? Uwanja umelala kama paa. Hao wa Uganda watakuja kuteleza?"

"Sikuuliza umelalaje."

"Basi yakija hapa, aruke. Nimesema."

Neno hilo Rodah akalidaka hewani kama mtu anayedaka yai. Huko jikoni, Chepchirchir aliyekuwa akisugua vibuyu vya maziwa akauliza bila kugeuka, "Mama, wakichagua Londiani?"

"Utakaa nyumbani."

"Wakichagua Kiptere?"

"Utakaa nyumbani. Na hicho kibuyu bado kinanuka."

Hakumwongezea neno la faraja, kwa kuwa hakuwa nalo, na Rodah hakuwa na tabia ya kutoa kitu asichokuwa nacho. Lakini tangu saa ile alitembea kama jemadari anayepima ardhi.

Siku ya ukaguzi ikafika. Wakaguzi wangeanza Londiani, wapitie Kiptere, wamalizie Sosiot. Na katika jiko la shule, kando ya uwanja, tangu jogoo wa kwanza, ambaye kwa bahati mbaya ndiye aliyechinjwa, alitawala Loice, Amiri wa Masufuria, Mshika Mwiko, Mwanamke Ambaye Harusi Zake Hazijawahi Kupungukiwa. Alikuwa amezingirwa na kina mama wa kamati, na moshi, na mvuke, na harufu ambayo ingeweza kumsimamisha mtu akiwa njiani kwenda mahakamani. Kulikuwa na nyama ya mbuzi. Kulikuwa na kimyet, ule ugali wa wimbi, uliosongwa ukawa mgumu kama hoja ya mzee. Mursik, yale maziwa ya mgando, ilikuwa ikingoja vibuyuni. Katika nchi ile, mgeni akiondoka bila kula, habari hutangulia mbele yake, na boma lenu halisameheki mpaka wajukuu.

Mvua ya mchana ilikuwa imekwisha kupita gari la Shirikisho lilipoingia. Likasimama. Mlango ukafunguliwa. Ukatoka mguu mmoja wa Bwana Gekara, Mkaguzi Mkuu, Mgawa Viwanja. Kisha, baada ya mashauri na mwili wake, ukatoka mguu wa pili. Mkanda wake ulikuwa umefunguliwa, ukining'inia. Nyuma yake akateremka msaidizi wake, Phanice, akitembea upandeupande kama aliyebeba debe la maji tumboni na hataki limwagike.

Rodah alikuwa amelea watoto watano. Alijua tofauti kati ya mtoto anayekataa chakula na mtoto asiye na pa kukiweka.

"Karibuni," akasema. "Londiani wamewapokeaje?"

"Viazi," akajibu Bwana Gekara. "Halafu nyama. Halafu wakaleta viazi."

"Na Kiptere?"

Bwana Gekara akafumba macho. Phanice akamjibia. "Mbuzi mzima, mama. Na sisi ni wawili na dereva. Kulikuwa na mama amesimama nyuma yetu na sahani. Ukimaliza, anaongeza."

"Si mngekataa?"

"Mimi nimezaliwa Kisii, mama," akasema Bwana Gekara kwa huzuni kubwa. "Kwetu sahani hairudishwi. Ningekataaje?"

Ndipo mwanga ukamshukia Rodah, akaiona siku nzima mbele yake. Loice atafungua mlango. Sahani zitatoka. Hawa watu, kwa malezi yao mema, watakaa, watakula, watasinzia, wataamka giza limeingia, watashukuru, wataondoka. Na hakuna unyayo hata mmoja wa Shirikisho utakaokuwa umegusa nyasi za Sosiot. Kisha Nairobi wataangalia ramani na kuchagua uwanja ulio tambarare. Na Chepchirchir atakaa nyumbani.

"Ngojeni hapo," akawaambia. "Msikae."

Akaenda mbio hadi mlango wa jiko, akausimamia.

"Loice, funika masufuria."

"Nimefunika, yasipoe."

"Yafunike yasitoke."

Loice akageuka polepole, mwiko mkononi, mvuke ukimzunguka kama mawingu yanavyozunguka kilima. "Sijasikia vizuri, Mama Chepchirchir."

"Wageni hawali."

Kina mama wakaacha kukoroga. Mmoja akakaa juu ya gunia la makaa.

"Sikiliza," akaanza Loice, na sauti yake ilikuwa ya chini, ambayo ndiyo mbaya zaidi. "Moshi umekula macho yangu tangu alfajiri. Jogoo aliyekuwa akiamsha kijiji hiki amelala ndani ya hiyo sufuria. Kesho watu watachelewa kanisani kwa ajili ya hawa wageni. Na wewe unaniambia hawali? Watafika Nairobi waseme nini? Kwamba Sosiot kuna uwanja uliolala na wanawake wachoyo?"

"Waseme. Wameshiba hadi kooni. Wakikaa hapa hawainuki, na wasipoinuka hawataona kitu."

"Mgeni hanyimwi."

"Mgeni anayezama haongezwi maji."

"Hayo maneno yako ya kamati wapelekee kamati," akasema Loice, akajaza mlango kwa mwili wake, na mwili wake uliuenea mlango vizuri. "Mimi sitaki kutajwa Kiptere kama mama aliyefukuza watu na njaa. Dada ya mume wangu ameolewa huko. Wape hata chai basi."

"Nitawapa. Strungi."

Hapo, enyi wasikilizaji, hata moto uliinama. Maana katika nchi ile, ambako majani ya chai yanafika hadi dirishani na ng'ombe wanachungulia mlangoni, chai isiyo na maziwa hupewa mtu ambaye hutaki arudi.

"Strungi," akarudia Loice taratibu, kama mtu anayepokea habari za msiba. "Kwani tuko matangani?"

"Na tangawizi."

"Rodah, mimi nitahama."

"Hama kesho. Leo nipe birika."

Wote wawili wakalirukia. Rodah akalishika mkono. Loice akalishika tumbo. Zikavutana pande mbili za ubinadamu, desturi na haja, upande mmoja ukiwa na nguvu za vizazi na upande wa pili ukiwa na mtoto mfupi. Chuma kikalia. Majivu yakaruka. Lakini tumbo la birika lilikuwa la moto, kama ilivyo kawaida ya birika lililotoka jikoni, na Loice, shujaa asiye na lawama, akaachilia.

Rodah akatoka nalo. Aliwakuta wageni wamesimama, wakitazama viti kwa mbali kama mateka wanaotazama kwao. Akawamiminia, wao na dereva aliyebaki garini, katika vikombe vya bati, chai nyekundu, kali, ya tangawizi.

"Tutatembea nayo," akasema.

Bwana Gekara akanusa. Akanywa. Akasimama tuli. Kisha ikamtoka mbweu moja iliyoanza safari yake Londiani, ikapitia Kiptere, na kuja kustaafu Sosiot.

"Samahani, mama."

"Toa yote. Twende."

Wakapanda uwanja. Kwa kuwa ulikuwa umeinama walipanda kweli, na kwa kupanda chakula kikashuka, na kwa kushuka chakula macho ya wakaguzi yakafunguka. Phanice akaona kwamba mvua iliyonyesha muda si mrefu ilikuwa imekwisha kuteremka yote kwenye mashamba ya chini, na viatu vyake havikuzama. Bwana Gekara akafika juu, akageuka, akaona kwamba mtu akisimama hapo hazibwi na kisogo cha yeyote. Anaona uwanja wote hadi kwenye majani.

Chini, Rodah alikuwa amewaambia wasichana wasingoje kuitwa. Wakapiga kelele, wakapandana, na juu kabisa akasimama Chepchirchir, mikono wazi, nyuma yake kijani kitupu. Hata dereva alitoka garini.

Bwana Gekara akanywa chai yake hadi mwisho. "Mama," akasema, "huu ndio uwanja wa kwanza nimeukanyaga leo." Kisha, kwa uadilifu wa cheo chake, akamgeukia msaidizi. "Phanice, wa Londiani ukoje?"

Phanice akafikiri kwa uaminifu. "Una viazi vizuri."

"Na wa Kiptere?"

"Mbuzi alikuwa mlaini."

Bwana Gekara akatikisa kichwa. "Nairobi wataniuliza nimeona nini. Siwezi kuwasimulia mbuzi. Mama, hapa ndipo pataandikwa."

Rodah akasema, "Sawa," akakusanya vikombe. Lakini kikombe kimoja kilimponyoka, akalazimika kuinama kukitafuta katika nyasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Habari ikafika jikoni kabla yake. Mlango ukafunguka kwa kishindo, na Loice akatoka na jeshi lake lote, sufuria mbele, kimyet katikati, vibuyu nyuma.

"Wameshachagua?" akauliza.

"Wamechagua."

"Basi sasa si wakaguzi. Sasa ni wageni tu. Pisha."

Rodah akapisha. Bwana Gekara akamshika sweta. "Mama, nisaidie."

"Mimi ni katibu wa uwanja," akasema Rodah. "Chakula kiko chini ya Mama Loice."

Wakakaa. Wakala. Loice alisimama nyuma yao na sahani.

Jioni ile, Johana akiwa anafunga zizi, Rodah alimletea habari. Johana akakaza kamba ya lango.

"Nilisema aruke?"

"Ulisema."

"Kulikuwa na shahidi?"

"Chepchirchir alikuwa anasugua vibuyu."

"Basi," akasema Johana, akaingia ndani.

Asubuhi Rodah aliamka akakuta upande wa Johana kitandani mtupu na gumbuti zake za mpira hazipo mlangoni. Akatoka. Chini kule, katikati ya uwanja, palepale ambapo mnara ulisimama, mzee wa kanisa alikuwa ameinama katika umande, akiokota mawe moja moja na kuyatia kwenye ndoo.

Akateremka hadi karibu naye. "Mzee, unatafuta nini?"

"Mawe haya yataumiza kwato za ng'ombe," akasema Johana bila kuinua uso.

"Ng'ombe wa nani?"

"Ng'ombe."

Rodah akamtazama kidogo. Kisha akakunja mikono ya sweta, akainama upande wa pili wa ndoo.

Basi mnaosimama sasa, mmesikia. Falme zimepatikana kwa mikuki na zimepotea kwa maneno. Sosiot ilipatikana kwa vikombe vitatu vya strungi, na atakayesema lilikuwa jambo dogo, na aende kwanza akamwambie Loice afunike sufuria. Zambia ilijibu mwezi uliofuata. Ilisema haitaweza kuja.