Upande wa Tai

Jumatatu, 7 Novemba 1983
Nevada. Mgongo umekufa. Kutwa nzima kupakia jasi, pua imejaa unga. Barua ya mke wangu Orpha imefika kutoka Kentucky. Anasema bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani ameshapatikana. Nakuja, au paja langu ampe kaka yake? Yule kaka mtu! Nauli sina. Lakini nina dola ya fedha ya babu, iliyopigwa Carson City mwaka 1881. Bi Loretta wa duka la sarafu anasema kama ni ya kawaida, itaninunulia viatu. Kama ni ya kioo, yaani iling'aa hivyo tangu kiwandani, nitapanda basi hadi mlangoni kwangu. Atahukumu Jumamosi.

Jumanne, 8 Novemba
Kipimo chenyewe ni hiki: unasimamisha sarafu juu ya karatasi yenye maandishi, rula pembeni. Herufi zikionekana wazi ndani ya sarafu hadi inchi mbili, ni kioo. Pande zote mbili.
Asubuhi, bafuni, nilipima upande wenye kichwa cha mwanamke, mimi namwita mama. Inchi tatu! Nikanyolea ndevu humohumo. Nimejikata mara moja tu.
Jioni, mezani, upande wa pili, wa tai. Giza tupu. Niliinama hadi ukingo wa kofia ukagusa meza. Giza likazidi. (Kofia siivui humu bwenini ila nikinyoa. Jiko la kuni limekufa tangu Oktoba.)
Orrin, mwenzangu wa chumba, anajiona profesa kwa kuwa ana dola mbili ndani ya vibweta vya plastiki. Akaniambia upande mmoja ni sawa na suruali ya mguu mmoja. Nikamwambia alale.

Alhamisi, 10 Novemba
Akili! Nimekwenda kwa Bi Loretta nikijifanya naulizia saa. Kadi anayopimia iko palepale kaunta. Nimeikariri: siku za kufungua, saa, mbwa hawaruhusiwi. Ndani ya sarafu herufi zinakuja kinyume, na mimi hata zilizonyooka zinanisumbua. Sasa hazinisumbui. Tai akiwa gizani, mimi nitasoma tu.

Ijumaa, 11 Novemba
Orrin aliniona nimeshika dola na dawa ya meno. Akaruka kitandani na soksi moja. "Stamper, usiisugue! Hata kwa shati usiiguse! Ukisugua umeiua, ndugu yangu!"
Ndugu yangu! Tangu lini? Mwezi uliopita alinificha chumvi. Mtu hawezi kukuhurumia ghafla hivyo bila sababu. Anaogopa dola yangu itazishinda zake.
Nimemsugua tai kwa kitambaa dakika ishirini. Anametameta kama sufuria ya harusi! Tena ananukia mnanaa.

Jumamosi, 12 Novemba
Bi Loretta alianza na kichwa cha mama. Inchi tatu. Akaguna vizuri. Moyo wangu ukawa tayari umefika Kentucky.
Akageuza. Kabla hajaniuliza nikasoma kwa sauti: Jumatatu mpaka Jumamosi, saa tatu hadi saa kumi na moja, mbwa hawaruhusiwi!
Akaniambia kwamba kadi ile ililowa kahawa jana. Hii ya leo ilikuwa orodha ya vyakula vya mgahawa wa jirani.
Kisha akainusa sarafu. Akaiinamisha chini ya taa. Mikwaruzo, kama barafu iliyopitiwa na watoto wenye viatu vya chuma vya kuteleza. Akaniuliza kama nimeisugua. Nikasema hapana. Akaniuliza kwa nini tai ana dawa ya meno kwapani.
Halafu akanionyesha chini ya bawa la pili, mahali kitambaa hakikufika. Pakavu, safi, kioo! Akanisomea humo "supu ya maharage", kila herufi. Upande wote ulikuwa hivyo, alisema.
Nikaapa kwamba Jumanne hakukuonekana kitu.
Akaitazama kofia yangu. "Mwanangu, ulipima ukiwa umevaa hiyo kofia?"
Nikasema naivaa daima.
"Basi uliitia sarafu kwenye kivuli chako. Ivue, hata mimi unanizibia taa."
Bei ya viatu. Nilikataa kuuza, kwa heshima yangu.

Jumapili, 13 Novemba
Orrin hakucheka. Alinipa nusu ya mkate wake, jambo la kutia shaka zaidi. Nimemwandikia Orpha kwamba paja langu alihifadhi, nitachelewa kidogo tu.
Maana nimelitafakari jambo hili kutwa, kofia kichwani, na nimeona kosa. Bi Loretta aliona mikwaruzo kwa sababu upande mmoja umesuguliwa na mwingine haujasuguliwa. Pande hazilingani! Mtu yeyote angeshtuka.
Dawa ya meno imebaki nusu. Kichwa cha mama nakianza sasa hivi.