Magari Yaliyovuka Mstari

Saa moja na dakika arobaini na mbili asubuhi, basi la kwanza lilisimama hatua nne kabla ya mstari mweupe. Saa mbili na nusu lilikuwa bado hatua nne kabla ya mstari mweupe. Karani wa kuhesabu magari, aliyeketi kwenye meza yake kando ya mstari huo, aliandika katika fomu: sifuri.

Juu ya kichwa chake lilining'inia tangazo la Idara ya Uboreshaji wa Barabara: FOLENI IMEKWISHA KABISA. Tangazo lilikuwa na ushahidi. Kabla ya ukarabati, magari elfu moja na mia moja yalivuka mstari kila saa. Baada ya njia mbili kupandwa maua na ya tatu kutengwa kwa ajili ya kuegesha magari ya viongozi, yalivuka mawili. Upungufu wa namna hiyo haukuwahi kupatikana popote. Waraka Namba Tisa, uliosainiwa na Mkurugenzi mwenyewe, ulifafanua kwamba gari ni chombo kilichovuka mstari. Kisichovuka bado hakijathibitishwa.

Kondakta wa basi alichungulia mlangoni.

"Dada, tuhesabu na sisi. Tumekaa hapa mpaka tumekuwa majirani."

"Vuka mstari, kaka, nikuhesabu."

"Nivuke na mabawa?"

"Mabawa hayamo kwenye fomu."

Karani hakuwa mtu wa kejeli. Alikuwa na barua mbili za onyo kwa kuchelewa kazini. Ya tatu ingemwondoa. Mara zote mbili alijitetea kwamba alikwama kwenye foleni ya barabara hiyohiyo. Idara ilifuata utaratibu: udhuru wa foleni huthibitishwa kwa fomu ya kituo cha karibu. Fomu ilitolewa kwenye faili, ikasomwa, ikaonekana barabara ilikuwa wazi. Aliyeijaza ni yeye. Tangu hapo aliamka saa tisa usiku na kuja kwa miguu.

Saa tatu na robo, gari jeusi la Mkurugenzi lilijiunga nyuma kabisa ya msururu. Habari ilimfikia karani kwa mdomo, dirisha hadi dirisha, pamoja na sababu: Mkurugenzi alikuwa anakwenda Bodi ya Uteuzi, jengo lililo mwishoni mwa barabara, kusailiwa kwa nafasi ya Naibu Katibu Mkuu. Saa nne kamili.

"Leo atajua," alisema kondakta.

"Atajua nini? Barabara yake iko wazi," alijibu karani, bila kuinua macho.

Saa nne na dakika ishirini, Mkurugenzi alitokea kwa miguu. Njia ya waenda kwa miguu ilikuwa imeondolewa katika awamu ya pili, kwa hiyo alipita katikati ya bustani. Viatu vyake vilikuwa na udongo mpaka kwenye kamba. Alisimama mbele ya meza.

"Binti yangu," alisema. Siku zote alikuwa akimwita "wewe karani". "Bodi wakikupigia, waeleze hali ilivyo."

"Nitawasomea fomu, Mheshimiwa."

"Achana na fomu. Si unaona mwenyewe?"

Karani alitazama. Magari yalikuwa yamepangana hadi upeo wa macho, na madereva kadhaa walikuwa wamezima injini na kutandika magazeti juu ya boneti.

"Naona, Mheshimiwa. Ila nilishaona mara mbili, nikapewa barua mbili."

"Hilo tutalirekebisha."

"Kwa maandishi?"

Mkurugenzi alitazama saa yake, kisha akaendelea mbele, akirukaruka juu ya maua.

Saa tano kasoro dakika tano, simu ya kituo iliita. Alikuwa Mwenyekiti wa Bodi.

"Kuna mwombaji hapa amechelewa. Anadai foleni. Utaratibu unatutaka tuthibitishe kwenu."

"Tangu asubuhi yamepita magari manne, Mheshimiwa. Kwa mujibu wa Waraka Namba Tisa, barabara iko wazi."

"Wazi kiasi gani?"

"Kiwango cha juu kabisa. Fomu haina kinachozidi hapo."

"Na sehemu ya kuandika foleni?"

"Iliondolewa mwaka jana. Sababu iliyotolewa ni kwamba haina matumizi."

"Nani aliiondoa?"

"Sahihi iliyopo chini ni ya mwombaji wenu."

Kwenye simu ilisikika karatasi ikifunguliwa, kisha kalamu.

Saa sita mchana, tarishi wa Bodi alipita kituoni kwa miguu akiwa na bahasha mbili. Moja ilikuwa ya Mkurugenzi: hakuteuliwa, na kwa kutoa udhuru usiothibitika, amepewa onyo la kwanza. Ya pili ilikuwa ya karani, kumpongeza kwa takwimu.

Saa saba na dakika kumi na nane, gari jeusi lilikatiza juu ya maua, likaupita msururu wote na kuvuka mstari mweupe, ndani yake dereva peke yake. Karani aliandika: tano.