Mawese Kwenye Bunduki ya Misumari

Jumatatu, 4 Julai 1994
Nimepata bunduki ya misumari, ile inayopiga misumari kwa nguvu ya hewa! Mzee mmoja aliyeachishwa kazi hapa mtaani Panda, Likasi, amenipa, nami nimempa baiskeli. Mke wangu Georgette ndiye aliyekuwa akileta unga kutoka Kambove kwa baiskeli hiyo. Sijamwambia. Parokia inataka mabenchi mapya ya Kipaimara, Jumapili hii. Kalombo, seremala mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, anayagonga yake kwa nyundo kutwa nzima, maskini. Nitamaliza yangu kabla hajanywa chai.

Mzee alinipa maonyo mengi. Tone la mafuta ya mashine kila asubuhi. Mdomo wa bunduki usifungwe kamwe ukabaki umebonyea, maana haitakiwi kupiga mpaka mdomo ugandamizwe kwenye mbao. Ikikwama, funga hewa kwanza. Niliitikia kila neno. Akilini nilikuwa naona sura ya Kalombo.

Jumanne, 5 Julai
Georgette amejua. Tuyaache hayo.

Mafuta ya mashine hayapatikani Likasi nzima. Nimetia mawese ya jikoni. Mafuta ni mafuta! Hewa inatoka kwenye kompresa ya jirani, fundi wa matairi. Mpira wake wa hewa umepita juu ya ukuta. Mdomo wa bunduki nimeufunga kwa kipande cha chubu ya baiskeli ubaki umebonyea, usinicheleweshe. Mchana kulikuwa na joto na kazi ilikwenda mbio. Kalombo alisimama mlangoni kwake akitazama. Nilimpungia mkono. Nilipunga kupita kiasi.

Alhamisi, 7 Julai
Siku mbaya.

Asubuhi baridi kali. Bunduki ikagoma. Banza, kaka yake Georgette, alikuwa amekuja kunishikia mbao. Banza ndiye mpiga gitaa wa kwaya. Kipaimara bila gitaa lake si Kipaimara. Alisema labda msumari umekwama, atauchomoa. Kwanza akauliza, taratibu kama kawaida yake:

"Shemeki, ile hewa ulishafunga?"

Kuifunga kulitaka nizunguke mpaka kwa fundi wa matairi, na Kalombo alikuwa mlangoni akinitazama. Nikasema ndiyo. Kidole changu kilikuwa bado kwenye kifyatulio. Jua lilikuwa limeanza kuipata ile bunduki. Mawese yaliyoganda yakalainika.

Msumari ulipita kwenye kiganja chake cha kushoto ukaingia kwenye benchi. Alinitazama tu. Heri angenitukana.

Ijumaa, 8 Julai
Hospitali. Muuguzi anasema vidole viwili huenda visikunjike tena vizuri. Nilimuuliza vidole vya mkono gani, kana kwamba sikujua.

Jioni maharage yalikuwa makavu, meupe. Nikauliza mawese yako wapi. Swali la kijinga. Georgette aliweka kijiko chini.

"Eugène, weye unapenda ile mashini kupita muntu."

Nimelala karakanani.

Jumapili, 10 Julai
Kipaimara. Tumekaa kwenye mabenchi ya Kalombo; yangu sikuyamaliza. Nililitikisa langu kwa siri wakati wa mahubiri. Halikucheza hata kidogo.

Kwaya iliimba bila gitaa. Banza alikaa kati yao, mkono umefungwa bandeji, vidole vya mkono wa kulia vikipigapiga goti. Nililia. Mama aliyekaa karibu nami alidhani nimeguswa na Roho Mtakatifu, akanishika bega, akamsifu Mungu. Nilimwacha aendelee.

Jumatano, 13 Julai
Banza amekuja na viazi vitamu. Anasema hana kinyongo. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Mtu mwema namna hii! Nimeamua kumtengenezea kiti kizuri cha kukalia akiwa na gitaa lake, siku vidole vitakapopona. Kiti cha kuomba msamaha. Georgette amesikia na ameniambia neno moja: sawa. Moyo umetulia kidogo.

Nimefikiri sana na kosa nimeliona. Ni baridi. Basi bunduki nimeilaza kando ya mbabula, jiko letu la makaa; makaa yamewaka vizuri, mawese yanayeyuka. Banza ameshika mguu wa kiti kwa mkono wake ulio mzima. Ameniuliza tena kama hewa nimeifunga.

Nimemjibu ndiyo. Nikimaliza kuandika hapa nitakwenda kuifunga.